Sura ya Saba: Barabara Moja kwa Watu Wawili

Mtu anayeishi Mbande na kufanya kazi Kariakoo huondoka nyumbani giza bado limetanda, na hurudi giza limeshaingia tena. Mwenzake akiwa na kibarua Mikocheni, naye ana ratiba yake: daladala nyingine, kituo kingine, foleni nyingine. Hiyo ndiyo hali ya ndoa nyingi changa za pembezoni mwa Dar es Salaam, na ina chanzo chake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi idadi imepanda kwa zaidi ya milioni moja, na ongezeko hilo halikuishia Upanga wala Kariakoo. Limekwenda kule ambako kiwanja bado kinanunulika: Chamazi, Toangoma na Kongowe kwa upande wa Temeke, Bunju, Wazo na Mabwepande kwa upande wa Kinondoni. Kijana akioa leo, huko ndiko anakopanga chumba na sebule, au anakoanza kuinua tofali za nyumba yake. Kazi zimebaki katikati, nyumba zimekwenda pembeni, na gharama ya umbali huo hulipwa kwa saa ambazo mke na mume wangekuwa pamoja. Hoja ya sura hii ni kwamba wawili wanaoanza maisha namna hiyo wanahitaji safari kabla ya kuhitaji hoteli. Fedha ya kwanza itakayobaki baada ya harusi, au ya kwanza watakayoweza kuiweka kando baada ya mwaka, itumike kukizunguka kisiwa cha Unguja kwa nchi kavu, polepole, kijiji hadi kijiji, kwa wiki nzima ikiwezekana, badala ya kuishia kwenye siku tatu za chumba kinachotazama bahari. Kila siku ya kazi barabara huwatenganisha. Wanastahili kupata, angalau mara moja mapema, barabara wanayoipita pamoja.

Kwamba mwendo mrefu wa kwenda kazini unaila ndoa si maneno ya barazani tu. Mtafiti Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, alifuatilia kumbukumbu za wanandoa wa nchi yake, na mwaka 2011 akaonyesha kwamba pale ambapo mmoja wao anasafiri umbali mrefu kwenda kazini, uwezekano wa kuachana ulikuwa mkubwa kwa asilimia 40 kuliko kwa wengine, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo ya kuzoea maisha hayo. Sitaichukua asilimia hiyo na kuibandika Temeke. Sweden ina treni zinazofuata saa, na ndoa za kwetu zimeshikwa na mambo mengine: ndugu wa pande mbili, dini, mahari iliyolipwa mbele ya mashahidi. Lakini ndoa kushikiliwa isivunjike ni jambo moja, na wawili kujuana ni jingine. Ndoa inaweza kudumu miaka thelathini chini ya ulinzi wa ndugu huku wahusika wakikutana usiku tu, wote wamechoka, na maongezi yao yakiwa ni kodi, ada na LUKU. Na kuna dalili kwamba kufanya jambo jipya pamoja huwasogeza wawili: mwaka 2000 mtafiti Arthur Aron na wenzake wa New York walichapisha majaribio ambamo jozi za wapenzi zilipewa kazi ya dakika saba. Baadhi yao walifungwa pamoja kifundo cha mkono kwa kifundo cha mkono na mguu kwa mguu, wakaambiwa watambae na kuvuka kizuizi huku wamebeba mto kwa miili yao bila kuushika kwa mikono. Wengine walipewa kazi nyepesi ya kujirudia. Wale wa kwanza ndio waliotoka wakiwa wameridhika zaidi na uhusiano wao. Dakika saba ni chache, na jaribio halikuwalinganisha na watu waliolala ufukweni. Liliwalinganisha na watu waliofanya jambo lile lile tena na tena, na kwa mtu wa foleni ya Mbagala au Tegeta maisha ya kurudiarudia ndiyo anayoyajua kuliko kitu kingine chochote.

Kwa nini basi iwe Unguja na isiwe Mafia, ambayo kwa mtu wa Mbagala Rangi Tatu inafikika kwa kuifuata barabara ya Kilwa hadi Kibiti, kisha Nyamisati, kisha maji? Mafia ni mahali pazuri, na anayetaka kumwona papa potwe kati ya Oktoba na Machi asiende kwingine. Ila magari yake ni machache, na safari ya kuzunguka huko humtegemea mno mwenye pikipiki au mwenye gari la kukodi. Unguja ina kitu ambacho hoja hii inakihitaji: daladala zinazofika karibu kila kijiji kikubwa, kwa nauli ya shilingi, kila moja na namba yake. Namba 116 ni ya Nungwi, 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi. Kisiwa hakifiki kilomita tisini kutoka ncha hadi ncha, na bado hakuna gari litakalokuchukua Nungwi likushushe Jambiani. Njia karibu zote huanzia mjini na kuishia kijijini, kisha hurudi mjini. Sababu iko katika udongo na katika historia. Upande wa magharibi una udongo mzuri, na huko ndiko Seyyid Said na matajiri wa karne ya 19 walikopanda mikarafuu. Upande wa mashariki ni mawe ya matumbawe, ardhi ya wavuvi, mihogo na mbuzi. Barabara zilichorwa kwa ajili ya karafuu na mbata kufika bandarini, na hata ile reli fupi ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilitoka mjini ikaishia Bububu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumfikisha mtu wa Matemwe kwa mtu wa Paje. Lami imeongezeka sana tangu hapo, na miaka ya karibuni imeongezeka kwa kasi, lakini umbo la zamani limebaki. Kwa mfanyabiashara huo ni usumbufu. Kwa wawili wanaotaka kujuana, umbo hilo ndilo faida yenyewe, maana linawalazimisha kupanga.

Tuutazame mfano wa Chwaka, kwa sababu hapo hoja yote inaonekana kwa macho. Wawili wametoka kaskazini, wameshuka na pwani ya mashariki kwa kupitia Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe na Uroa, na sasa wamefika Chwaka. Mbele yao kuna ghuba, na ng'ambo ya ghuba ni rasi ya Michamvi, ambayo kwenye ramani ya simu iko karibu kabisa. Barabara ya kuambaa ghuba haipo. Upande wa kusini wa maji yale umejaa mikoko, msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote kisiwani, na gari halipiti ndani ya mikoko. Basi wana njia tatu. Wanaweza kurudi mjini na kuanza upya na daladala nyingine, ambayo ni njia ya uhakika na ya kuchosha. Wanaweza kuteremka Dunga, wakatafuta usafiri wa kuwafikisha Tunguu na kuunganisha na magari ya kusini, njia fupi zaidi lakini yenye kusubiri kando ya barabara bila kujua gari litakuja saa ngapi na kama litakuwa na nafasi. Au wanaweza kuzungumza na mwenye mashua, wakakubaliana bei, wakangoja maji yajae. Kila njia ina bei yake, uchovu wake na hatari yake, na hakuna iliyo sahihi kwa kila mtu. Hapo ndipo mume anapogundua kwamba mkewe ni hodari wa kuuliza kuliko yeye, au mke anapogundua kwamba mwenzake akishikwa na njaa hunyamaza, na kwamba ukimya ule si hasira. Hayo ni mambo ambayo Mbande huchukua miaka kuyajua, na mara nyingi hujulikana wakati mbaya, siku ya msiba au siku ya deni.

Na kwa kuwa pwani haipitiki, wawili hao wanalazimika kuingia bara ya kisiwa, ambako watalii wengi hupita wakiwa wamefunga vioo. Dunga palikuwa na makao ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja ambaye mamlaka yake yaliendelea kuwepo chini ya kivuli cha masultani hadi wa mwisho alipofariki mwaka 1873. Mtu aliyesoma historia shuleni Temeke anamjua Sultani. Ni wachache wanaojua kwamba nje ya mji kulikuwa na mamlaka nyingine iliyotoza kodi na kusuluhisha watu wake. Tunguu sasa ina ofisi za serikali na kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na mchana kituo chake kimejaa wanafunzi wenye mabegi, watu wanaosubiri gari kama wao. Mbele kidogo ni Jozani, hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004, makazi ya kima punju ambaye hapatikani kwa asili nje ya Zanzibar. Barabara kuu inapita kando ya msitu, na madereva hulazimika kupunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa makusudi baada ya kima wengi kugongwa. Sehemu ya mapato ya viingilio hufika kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu. Vijiji hivyo vilikatazwa kukata kuni na kulima ndani yake, kwa hiyo fedha ile ni haki yao.

Kusini zaidi, kati ya Paje na Jambiani, kuna jambo linalodai mtu akae, na aliyekuja kwa gari la asubuhi hadi jioni hulikosa. Bahari ya upande huu huondoka. Mawimbi huvunjika mbali kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yakitoka wakati wa bamvua, mchanga hubaki wazi kwa umbali unaoweza kupita kilomita moja. Ndipo wanawake wanapoingia shambani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani hii mwaka 1989, kikitanguliwa na miaka ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Vifaa ni vichache: vijiti vilivyopigwa mchangani kwa safu, kamba iliyonyooshwa kutoka kijiti hadi kijiti, na matawi madogo ya mwani yaliyofungwa kwenye kamba kwa uzi ambao wakulima huuita taitai. Kila tawi hufungwa kwa mkono, mkulima akiwa ameinama au ameketi majini. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hubebwa hadi nchi kavu ukiwa mzito kwa maji, huanikwa, hugeuzwa hadi ukauke, kisha hutiwa magunia na kusubiri mnunuzi. Nje ya nchi hutolewa ndani yake kitu cha kugandishia vyakula, dawa za meno na vipodozi. Aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi kupata joto, na wengi wamebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ya chini. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuupeleka mwani kwenye maji yenye kina zaidi.

Mwanzoni wapo wanaume walioidharau kazi hii, na wapo waliowazuia wake zao. Pesa ilipoanza kuingia, ikanunua sare za shule, vyombo na mabati, mazungumzo ndani ya nyumba yakabadilika. Hapa mke na mume wa Tandika wana la kujifunza kuhusu nyumba yao wenyewe. Swali la nani anaingiza nini na nani anaamua nini ni gumu kuliuliza mkiwa mmeketi kwenye kochi lenu. Kila neno linasikika kama lawama. Ni rahisi zaidi kuliingia mkiwa mnazungumzia maisha ya mtu mwingine, mama aliyewauzia chapati au aliyewaeleza bei ya kilo ya mwani mkavu, na mkajikuta mmefika kwenye yenu. Nadhani hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo safari ya namna hii huifanya, na chumba chenye kiyoyozi hakiwezi kuifanya, kwa sababu ndani yake hakuna mtu wa tatu wa kuzungumziwa.

Lakini fedha iko wapi? Hili ndilo pingamizi la kwanza, na ni la haki. Zanzibar ilipokea wageni 736,755 kutoka nje mwaka 2024, na bei za hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje zimepangwa kwa mifuko yao, mara nyingi kwa dola. Wawili wa Chamazi wakienda kushindana na bei hizo, siku tatu zinatosha kuwamaliza. Ila sehemu kubwa ya gharama za kisiwa haiko hotelini. Kwenye boti mkazi hulipa kwa shilingi, nauli iliyo chini ya ile ya mgeni. Bima ya dola 44 ambayo tangu Oktoba 2024 wageni wa kutoka nje wanalazimika kuikata haimhusu Mtanzania. Daladala haimtozi mtu kwa pasipoti yake. Kinachobaki ni malazi na chakula, na hapo ndipo njia ya nchi kavu inaposhinda, kwa sababu kadiri mtu anavyoondoka kwenye fukwe tatu nne mashuhuri na kwenda Jambiani ya ndani, Makunduchi au Kizimkazi, ndivyo bei ya chumba inavyoshuka, na anayeuliza bei ya mkazi kwa heshima, kwa Kiswahili, hupewa. Usiku mmoja wa chumba cha ufukweni kaskazini unaweza kulipia usiku kadhaa wa gesti ya kijijini. Wiki nzima ya mwendo, kwa hesabu hiyo, si anasa kuliko siku tatu za kukaa.

Upande mwingine wa hesabu hiyo ni harusi yenyewe. Kila anayeishi Dar es Salaam anaujua mtiririko: kundi la WhatsApp linafunguliwa, mwenyekiti na mweka hazina wanachaguliwa, ahadi zinaorodheshwa, na kwa miezi mitatu mwanakamati hawezi kupumua kwa kukumbushana. Mwisho wake fedha yote huingia ukumbini, kwa mshereheshaji, kwenye mapambo, keki, chakula na video, na usiku wa manane imekwisha. Mtu atajibu kwamba mchango si mali ya maharusi. Nimechangia kwako ili unilishe, na kesho nawe utachangia kwangu. Ukiichukua fedha yangu ukaenda kutembea Makunduchi, umenidhulumu ubwabwa wangu. Nakubaliana naye. Karamu ni mkataba wa jamii, na mtu wa Mbagala anayeugua usiku atabebwa na hao hao waliokula pilau lake. Ninachosema ni kidogo zaidi. Bajeti nyingi za kamati tayari zina fungu la mapumziko ya maharusi, na fungu hilo hutumwa moja kwa moja hotelini bila mtu kuuliza lingeweza kufanya nini kingine. Lisiongezwe hata senti moja. Libadilishiwe matumizi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu, kwa kuwa linatoka ndani ya mila ya pwani. Fungate ya Waswahili haikuwa ya kutembea. Maharusi walikaa ndani siku saba, chakula kikaletwa kutoka kwa wazazi wa bibi harusi, somo akawa karibu, na mtu hakuwatuma kazi wala hakuwahoji. Kuwatoa ndani na kuwapandisha daladala, mzee wa Mtoni angesema, ni kuiacha mila na kufuata ya wageni. Lakini mila ile ilisimama juu ya nyumba ya ukoo yenye watu wa kupika na ua wa kutosha. Leo wawili wamepanga chumba na sebule Yombo, ukuta mmoja na jirani, mama yuko Lindi au Tanga, na mwajiri ametoa ruhusa ya siku chache tu. Wakikaa ndani siku saba huko, bibi harusi ndiye atakayepika, atakayeteka maji na atakayepokea wageni wanaokuja kumtazama. Shabaha ya fungate ilikuwa kuwaondolea wawili mzigo wa kazi na macho ya watu ili wazoeane. Kwenye chumba cha kupanga shabaha hiyo haifikiwi tena. Njiani, ambako hakuna anayewajua na hakuna sufuria inayowangoja, inafikiwa. Na familia zenye uwezo wa kuwafanyia watoto wao fungate ya ndani kama ilivyokuwa, zifanye hivyo bila wasiwasi, na safari isubiri mwaka wa pili. Haina haraka.

Wapo pia watakaosema kwamba mtu aliyekula foleni mwaka mzima anataka kulala, na kumpeleka likizo kwenye basi jingine ni kumtesa. Ningekubali kama uchovu wa foleni ungekuwa uchovu wa kusafiri. Ni uchovu wa kusimamishwa. Abiria wa Mbagala hachagui kitu: njia ni ile ile, saa ni ile ile, na akichelewa hawezi kufanya lolote isipokuwa kumpigia bosi. Njia za Unguja nyingi hazina msongamano ukishatoka mjini, na kila kituo kinauliza swali: tushuke hapa au tuendelee? Bado usingizi una haki yake. Ratiba nzuri ina siku mbili za kutokwenda popote, na ningeziweka Jambiani, ambako maji yakitoka hakuna hata pa kuogelea na mtu hulazimika kutulia.

Usalama hauhitaji mjadala mrefu, unahitaji umakini. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyojengwa kwa ajili ya maji tulivu ya Puget Sound huko Marekani, ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, katikati ya msimu wa kusi. Familia nyingi za pande zote mbili za bahari bado zina kovu la siku hizo, na anayeogopa kuvuka asichekwe. Boti za leo za mwendo kasi ni nyingine, lakini bahari ni ile ile. Anayepanga tarehe aepuke Juni hadi Agosti kama tumbo lake ni dhaifu, aepuke masika kwa ajili ya mvua, na asipande chombo anachokiona kimejaa kuliko kinavyopaswa. Nchi kavu, mkikodi pikipiki au vespa, msiendeshe usiku: taa za barabarani ni chache na ng'ombe hawana taa kabisa.

Linabaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwamba kuzunguka vijiji vya watu ili mjifunze kuhusu ndoa yenu ni kuwafanya watu hao kuwa maonyesho. Hatari hiyo ipo. Mwanamke aliyeinama kwenye mwani hakuomba kupigwa picha, na kijana wa Kinondoni mwenye simu nzuri anaweza kumkosea adabu sawa kabisa na mtalii wa Italia. Lakini mtu wa Bara ana nafasi ambayo mtalii hana: anaweza kumwamkia mama huyo shikamoo, akajibiwa, akaulizwa kwao wapi, na yeye akahojiwa. Mke atakapoulizwa kwa nini ameolewa mbali na kwao, na mume atakapoulizwa analima nini, macho yanatazamana kutoka pande zote mbili. Na kati ya Tanganyika na Zanzibar, zilizoungana tangu Aprili 1964, mazungumzo ya namna hiyo kati ya watu wa kawaida ni machache kuliko inavyostahili. Mengi tunayoyajua kuhusu wenzetu tumeyasikia kwa wanasiasa. Mavazi ya staha, picha kwa ruhusa, na kununua kwa mwenye kijiji kabla ya kununua kwa mwenye hoteli ndiyo masharti, na hayagharimu kitu.

Kuhusu mwelekeo wa mzunguko, wengi huanza Nungwi kwa sababu ndilo jina walilolisikia. Ningeshauri kinyume chake. Anzeni kusini, mkitoka mjini kwa gari la Kizimkazi, ambako msikiti wa Dimbani una maandishi ya kibla ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ushahidi kwamba pwani hii ilikuwa na miji na mafundi wake karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza. Kutoka hapo nendeni Makunduchi, na ikiwa ni Julai ulizeni siku ya Mwaka Kogwa. Kisha pandeni na pwani: Jambiani, Paje, Michamvi. Swali la ghuba litawakuta mkiwa upande wa pili, mkitazama Chwaka badala ya kutoka Chwaka, na mtakuwa na siku tatu au nne za mazoezi ya kuamua pamoja. Sababu kubwa lakini ni ya fedha. Anayeanza Nungwi hutumia nyingi akiwa hajui bei ya kitu chochote, na siku zinazofuata huwa za kubana na kulaumiana. Anayefika Nungwi mwishoni ameshajua samaki ni shilingi ngapi kwa mvuvi, ameshajua ni nani kati yao anayejua kupatana bei, na wanaweza kusimama mbele ya mapokezi ya hoteli ya dola wakaamua, kwa fedha iliyobaki na bila kununiana, kama wanalala hapo usiku mmoja au wanapanda 116 kurudi mjini.